Pikapu ya zamani tuitengeneze wenyewe, lakini tuanze na freni

Ndugu wanamemba wa kooperative, gari ninayotaka kuzungumzia munaijua.

Iko pembeni ya depo, chini ya mti wa avoka. Rangi yake ya kwanza hakuna anayeikumbuka vizuri. Pine mbili zimelala. Batri ilitolewa siku moja kwenda kuwasha taa kwenye harusi, haikurudi. Kuku wanatagia mayai mahali pa shofere. Kila mkutano mkuu mtu mmoja anasimama kuuliza: "Na ile pikapu yetu, namna gani?" Watu wanacheka, prezida anasema itaangaliwa, halafu tunapita kwa mambo mengine.

Huku kwetu milimani, kati ya Butembo na Lubero, nimeona gari za namna hiyo kwenye kooperative zaidi ya moja. Na kila mahali kuko mawazo mawili. Wa kwanza wanasema: tuiuze kwa wanunuzi wa vyuma, tugawane pesa. Wa pili wanasema: tungoje, shirika litatupatia mpya. Mimi niko na wazo la tatu, na ninaliandika hapa ndani ya gazeti la shirika bila kujificha: ile pikapu tuitengeneze wenyewe, hapo hapo uwanjani, kwa pesa yetu, polepole. Lakini tuanze na freni, na daftari iwe imefunguliwa kabla ya kununua hata bulonyi moja. Tukianza na rangi, afadhali tuwaachie kuku.

Mazao hayangoji

Kahawa mbivu ikichumwa asubuhi inapashwa kufika kwenye mashine ya kumenya siku ileile. Ikilala ndani ya gunia inaanza kuchacha, na hakuna maji wala jua litakaloondoa ile harufu baadaye. Na munajua hesabu yake: kilo 1 ya kahawa ya kijani inatoka katika kilo 5 au 6 za matunda. Maana yake tani 1 ya matunda tunayopakia inatuachia kilo 170 hadi 200 hivi za kuuza. Tunabeba uzito mkubwa, tunauza uzito mdogo. Kwa hiyo usafiri si jambo dogo kwetu, unakula faida kabla hatujaiona.

Mkulima asiye na njia ya kufikisha matunda anauza kwa yule anayepita na mizani njiani. Na yule anajua saa. Saa kumi ya jioni, gunia limejaa, mvua inakuja, hakuna mtu mwenye nguvu ya kubishana bei. Nyanya ni vilevile, kabichi vilevile. Moto inabeba gunia mbili, na utelezi ukiwa mwingi inabaki bondeni. Chukudu inashuka vizuri, lakini kupanda ni jasho la vijana watatu.

Kuhusu gari mpya ya msaada: sisemi tuikatae. Ikija, aksanti sana. Lakini msaada unafuata mradi, na mradi uko na mwisho. Siku ile mradi unafungwa, gari inabaki na sisi, na pine zinaisha, na filtri zinaisha, na hakuna anayelipa. Nawauliza: kooperative isiyoweza kuweka akiba ya pine za gari ya zamani, itatoa wapi akiba ya pine za gari mpya? Barabara ni ileile, mawe ni yaleyale.

Tena ile ya zamani iko na baraka zake. Nyingi ni Toyota Hilux, gari ambayo imekuwa ikitengenezwa tangu mwaka 1968. Zile za miaka ya 1980 na 1990 zenye motere ya mazutu, kama 2L au 3L, hazina kompyuta. Pompi yao ni ya chuma na resori, na fundi wa kijiji aliyejifunza kwa mikono anaweza kuielewa. Piyesi zake, mpya na zilizotumika, zinapatikana Butembo, Beni na Bunia. Gari ambayo unaweza kuitengeneza kwa funguo na taa ya mkononi, kwa wakulima wa milimani, hiyo ni mali.

Kosa letu sisi

Sasa niseme yetu, maana ninayehubiri nilitubu mwenyewe.

Kooperative yetu iliamua kutengeneza pikapu yake. Tulikusanya mchango, kila mwanamemba alitoa. Mimi nilikuwa ndani ya komite. Tulikaa kuamua pesa ianze wapi, na tuliamua mambo matatu: kuamsha motere, kuongeza majani ya resori nyuma ili ibebe zaidi, na kupaka rangi nyeupe na kuandika jina la kooperative kwenye milango. Freni fundi alizikanyaga, akasema "ziko, zinashika." Tukapita. Nilikuwa mmoja wa walionyoosha mkono.

Siku ilipotoka, watu walipiga vigelegele. Kweli ilikuwa nzuri. Nyuma imeinuka juu kama gari ya wakubwa. Tulipakia gunia kumi na mbili za maharagwe, na juu ya gunia wakapanda watu wanne, maana nani atamkatalia jirani siku ya soko?

Kwenye mteremko mrefu shofere alishika freni, akaachilia, akashika tena. Harufu ya kuungua ikaanza kuingia ndani. Halafu pedali ikaenda mpaka chini, haikukutana na kitu. Yule shofere ni mtu wa akili: aliona upande mmoja ni bonde na upande wa pili ni ukingo wa udongo, akaielekeza gari kwenye ukingo. Gunia zilimwagika. Kijana mmoja aliyekuwa juu alivunjika mguu. Hakuna aliyekufa. Lakini mguu wake ulipona vibaya, na mpaka leo nikimuona anatembea kwenda shambani, ninaukumbuka ule mkono wangu uliokuwa juu.

Baadaye tuliita fundi mwingine, kijana mdogo lakini mwenye kujua. Alilala chini ya gari muda mrefu. Akatoka, akaniita: "Papa, munaona hii fimbo?" Karibu na ekseli ya nyuma kulikuwa na valvu ndogo yenye fimbo ya chuma. Akatueleza. Hilux nyingi ziko nayo. Ile fimbo inapima kama gari imebeba: nyuma ikishuka kwa mzigo, valvu inapeleka nguvu zaidi kwa freni za nyuma, nyuma ikiinuka, inapunguza, ili magurudumu ya gari tupu yasikwame na kuteleza. Sisi tuliongeza majani ya resori. Gari ikabaki juu hata ikiwa imebeba zaidi ya tani. Valvu ikadhani gari iko tupu, ikanyima freni za nyuma nguvu. Freni za mbele zikafanya kazi yote peke yake, zikawa moto. Na mafuta ya freni yalikuwa ya miaka mingi, yamekunywa maji kutoka hewani, sababu mafuta ya freni yanavuta maji kama chumvi. Maji ndani ya mafuta yakapata moto, yakachemka, yakawa mvuke. Mvuke unabonyea. Ndiyo maana pedali ilienda mpaka chini.

Kumbe tuliyoyaita maboresho ndiyo yaliyotaka kutuua. Na mafuta mapya ya freni yangetugharimu pesa kidogo kuliko yale maandishi kwenye milango.

Utaratibu ninaoutetea

Kijana wa chukudu, kabla ya kupakia, anaangalia kipande cha pine anachokanyaga kwenye gurudumu la nyuma ili kusimama. Hajali kama mbao zimepakwa rangi. Akili ile ndiyo ninayoiomba kwa komite zetu.

Kwanza ni shasi. Osheni gari, sugueni udongo wote chini, halafu mtu apite na nyundo ndogo akigonga toka mbele mpaka nyuma. Chuma kizuri kinalia, chuma kilichooza kinanyamaza au kinatoboka. Kama shasi imeoza mahali resori zinaposhikiliwa au mahali boksi ya volani imefungwa, simameni hapo. Hiyo gari haifai tena barabara. Iuzeni kwa piyesi, na musione haya. Kutengeneza si dini.

Pili ni freni, yote mazima. Plaketi, garnitire, mipira ya ndani ya silinda, mirija ya mpira, mafuta mapya. Kutoa hewa ndani ya mirija, fundi aanze na gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kubwa, aende akikaribia. Mafuta ya freni yabadilishwe kila miaka miwili hata kama gari haikutembea sana. Ile valvu ya nyuma ifunguliwe na kupimwa. Na freni ya mkono ishike gari kwenye mwinuko. Ikiwa haishiki, kazi haijaisha.

Tatu ni volani na magurudumu: vichwa vya mikono ya volani, beringi, pine. Vyuma vya volani na majani ya resori havichomelewi kamwe, munasikia? Moto unaua ugumu wa chuma kile. Kitaonekana kizima, siku moja kitakatika. Kilichovunjika kinabadilishwa.

Nne ni taa na vioo. Jambo hili wengi hawalijui. Sisi Kongo tunapita mkono wa kuume. Lakini pikapu nyingi za huku zilitengenezwa kwa Japani, zikapitia Mombasa na Kampala, na kule kote wanapita mkono wa kushoto. Volani iko kuume, na taa zake zimetengenezwa ili zimulike zaidi pembeni ya kushoto. Kwetu, kushoto ndiko anakotoka mwenzako, kwa hiyo unampofusha. Mukipata pesa ya kununua taa, nunueni zile za gari za mkono wa kuume. Mukikosa, zishusheni chini. Na shofere wa volani ya kuume hamuoni anayekuja mbele akitaka kupita lori, basi yule anayekaa kushoto asisinzie: yeye ndiye jicho.

Tano, sasa motere. Mkanda wa ndani wa zile motere za 2L na 3L unabadilishwa kila kilometa 100,000. Kama hamujui ulibadilishwa lini, na nani anajua, badilisheni sasa. Ukikatika, valvu zinagongana na pistoni, na hapo pesa ya mkanda inageuka pesa ya motere. Radiateri isafishwe, iwekwe maji yenye dawa ya kuzuia kutu, si maji ya mtoni peke yake. Filtri ya mazutu ifunguliwe chini kumwaga maji, maana mazutu ya kopo njiani munajua inakuwaje.

Sita ni bodi. Rangi ni ya mwisho, na ni kwa ajili ya kuzuia kutu. Jina kwenye milango liandikwe siku ile freni zimepita mwaka mzima bila kasoro.

Kuboresha ni nini?

Wengi wakisikia kuboresha wanafikiri kubeba zaidi. Mimi nasema kuboresha ni kufika. Resori ngumu haziongezi freni, haziongezi nguvu ya ekseli, haziongezi shasi. Pikapu ya tani 1 inabaki ya tani 1. Gunia kumi za kilo 100, basi, imejaa. Na shofere na mwenzake wako na uzito pia. Kama resori zimechoka, rudisheni idadi ya majani iliyotoka nayo kiwandani. Mukiongeza hata jani moja, fimbo ya ile valvu irekebishwe siku hiyohiyo.

Maboresho ninayoyapenda ni haya: reli za chuma pembeni ili mzigo usimwagike, turubai nzuri yenye ndoana, ili mvua isiingie kwenye kahawa, mikanda ya viti mbele, kamba na mbao mbili za kujitoa kwenye matope, na kibao ndani ya gari kinachosema "Gia uliyopandia ndiyo utakayoshukia." Kwenye mteremko motere ndiyo freni ya kwanza. Hicho kibao ni karibu bure.

Na watu juu ya mzigo? Nikisema tukataze, kwenye mkutano wananiangalia vibaya. Nawaelewa. Mama mwenye debe la nyanya anataka kufika sokoni pamoja na nyanya zake, maana hajui mtu mwingine atamuletea pesa gani. Basi hilo ndilo la kutengeneza. Kila debe liandikwe kwa jina na kilo, mwakilishi mmoja aliyechaguliwa na wauzaji wenyewe akae mbele, aende kuuza, arudishe pesa mbele ya wote. Kama hatuaminiani kiasi hicho, ugonjwa wetu si gari.

Uwanja wa nyumbani si uwanja wa michezo

Kutengeneza nyumbani kunapunguza gharama, lakini kunaleta hatari kwenye mlango wetu. Mtu asiingie chini ya gari inayoshikwa na kriki peke yake. Kriki ni ya kuinua, si ya kushikilia. Wekeni magogo mazito ya mti mgumu chini ya shasi, na mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini. Matofali ya udongo yanapasuka bila kuaga. Tanki ya mazutu au ya esansi haichomelewi, hata ikionekana kavu: mvuke uliobaki ndani unalipuka. Mkichomelea mahali pengine, batri ifunguliwe kwanza. Vumbi la freni za zamani lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pompi; lilowesheni maji, mpanguse na kitambaa, maana freni nyingi za zamani zilitengenezwa na amianti, vumbi lake ni sumu ya mapafu.

Na mafuta machafu ya motere! Wakulima wenzangu, hapa tunajidanganya. Tunayamwaga kwenye mfereji, mfereji unaenda kwenye chemchemi, chemchemi ndiyo tunaosha kahawa. Yawekwe kwenye bidoni lenye kifuniko, liandikwe, lisichanganywe na bidoni za chakula, na mtu apewe kazi ya kulipeleka kwa garaji ya mji inayokusanya. Watoto wakae mbali na uwanja siku za kazi.

Daftari na kufuli tatu

Siku tuliporudi kwenye mkutano kuomba pesa ya mara ya pili, mama anayetuwekea pesa alisimama akauliza swali moja tu: "Hiyo gari inatuletea nini?" Tulianza kujibu kwa maneno. Akasema: "Nataka hesabu." Hatukuwa nayo. Tulikaa kimya, na alikuwa na haki. Pesa ya gari ni pesa ambayo ingeweza kununua mbegu, miche ya kahawa, pompi za kupulizia. Gari isiyo na hesabu inaiba shamba.

Tangu siku hiyo pikapu iko na daftari yake. Kila safari: tarehe, shofere, kutoka wapi kwenda wapi, kilometa, mzigo wa nani, kilo ngapi, pesa iliyoingia, mazutu iliyotoka. Ukurasa wa nyuma ni wa matengenezo. Kama kontere ya kilometa imekufa, hesabuni safari. Njia ya kilometa 40 kwenda na kurudi, safari 125 ni kilometa 5,000, mafuta ya motere yabadilishwe. Na kama safari ni chache, musingoje zifike: miezi sita ikipita, badilisheni.

Na akiba iwekwe kwa kila safari, si siku ya kuharibika. Tuseme pine nne zinagharimu dola 400 na zinadumu kilometa 20,000. Hiyo ni senti 2 kwa kilometa, senti 80 kwa ile safari ya kilometa 40. Wekeni bei ya kwenu mahali pa bei yangu, njia ya hesabu ni ileile. Fanyeni vivyo hivyo kwa freni, kwa mkanda, kwa batri, kwa asiransi na karatasi za barabara. Mukijumlisha mtajua bei ya kweli ya kubeba gunia. Kama bei hiyo inapita bei ya moto, basi semeni ukweli: gari iende tu siku za mavuno makubwa, siku nyingine moto zitumike. Hakuna aibu.

Nani ashike pesa hiyo? Wale walio kwenye AVEC wanajua kasha lenye kufuli tatu, watu watatu, kila mmoja na ufunguo wake, na kasha linafunguliwa mbele ya wote. Akiba ya pikapu ikae hivyohivyo. Na ufunguo wa gari yenyewe usilale nyumbani kwa prezida. Nasema hivi kwa heshima. Gari ya kooperative ikienda kwenye matanga au kwenye harusi ya mkubwa, iandikwe na ilipiwe kama mzigo mwingine. Sheria ya OHADA ya mwaka 2010 juu ya kooperative, ambayo nchi yetu inaifuata tangu kuingia OHADA mwaka 2012, inaleta hesabu za mwaka mbele ya mkutano mkuu. Pikapu ni sehemu ya hesabu hizo. Mali bila daftari hupotea bila habari, wazee walisema, na hawakuwa wanazungumzia mbuzi tu.

Ombi kwa wanaotusaidia

Kwa mashirika, pamoja na hili linalochapa gazeti hili, niko na ombi moja. Kabla ya kutuahidi gari, mutuulize daftari. Kooperative yenye daftari ya mwaka mmoja ya pikapu ya zamani, hiyo muisaidie. Na msaada mzuri kwangu ni sanduku la funguo kamili, kriki kubwa mbili, majuma mawili ya fundi mwenye uzoefu kufundisha vijana wanne wa kijiji, wavulana na wasichana, halafu arudi baada ya miezi sita kukagua. Fundi wa pikapu anaweza kesho kutengeneza mashine ya kusaga na mashine ya kumenya kahawa. Ujuzi huo haufungwi siku mradi unafungwa.

Kwa ninyi wanamemba, kazi ya wiki hii ni ndogo. Jumamosi, baada ya salongo ya barabara, watu watano waende kwenye ile pikapu na ndoo ya maji, burashi, nyundo ndogo na daftari mpya. Watoe kuku kwa upole. Waoshe chini, wagonge shasi, waandike walichokisikia. Musinunue kitu. Leteni karatasi ile kwenye mkutano, musomewe wote, ndipo muamue: kuuza kwa piyesi, au kutengeneza.

Mukiamua kutengeneza, na mtu akisimama kupendekeza rangi, mujibuni pole pole: "Itafika zamu yake." Mimi sikusema hivyo siku ile. Ningetamani ningesema.